Soketi za ndani ya Outlander PHEV: uzoefu wangu na mashine ya vifaranga hapa Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu.

Nina Mitsubishi Outlander PHEV ya kutoka Japani, ile ya umeme na petroli, huu mwaka wa pili. Mambo ya mafuta na spea wengi wameshayaeleza. Mimi naandika habari ya soketi mbili tu zilizomo ndani yake, moja katikati nyuma ya viti vya mbele, nyingine kwenye buti.

Nafuga kuku wa kienyeji na kroila huku Nala, na nina mashine ya kutotolesha ya mayai 264. Aliyewahi kutotolesha anajua zile siku 21, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, sikio liko kwenye feni. Kabla sijapata gari hili umeme ulikatika usiku wa siku ya 16, ukarudi saa nne asubuhi. Nilifunika mashine kwa mablanketi, nikapanga madumu ya maji ya moto pembeni, wapi! Nikaambulia vifaranga 41. Harufu ya mayai yale siku ya kuyapasua sijaisahau mpaka leo.

Kwa hiyo muuzaji wa gari aliponiambia, "Mama, hili ni jenereta kamili, lina soketi kama za nyumbani," nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza. Hakuniambia kwamba nyumbani anakokusema ni Japani. Soketi zile zinatoa volti 100, na matundu yake ni mawili membamba, bapa. Umeme wetu ni volti 230, plagi ya miguu mitatu ya mstatili. Nikanunua adapta sokoni Majengo, nikachomeka mashine, nikabonyeza swichi ya soketi. Feni ikazunguka polepole kama inavutwa na kamba. Nusu saa nzima kipimajoto kimekaa nyuzi 31.

Adapta inabadilisha umbo la miguu, volti haiigusi. Na hita ikipata volti zisizofika nusu, joto lake halipungui nusu, linashuka chini ya moja ya tano. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu magari mengi tunayoagiza Japani yenye soketi za namna hii ni ya volti 100, yakiwemo ya haibridi, na wauzaji hawalisemi.

Fundi wangu akaniambia, "Mama, hapa ni transfoma ya kupandisha umeme." Tukapata ya wati 1,000, imeandikwa 110 kwenda 220. Alipopima kwa mita, ikasoma 203. Nikadhani ni mbovu. Akanielewesha kuwa inachofanya ni kuzidisha mara mbili, na kinachoingia ni 100, si 110. Mashine ikakubali. Hita inawaka muda mrefu kidogo kuliko kawaida, lakini nyuzi 37.5 zinafika na zinakaa.

Jaribio la kwanza gari lilikata umeme papo hapo. Transfoma ikiwashwa huvuta umeme kwa kishindo, na sisi tulikuwa tumeshaunganisha kila kitu. Sasa naiwasha tupu kwanza, nasubiri isikike ikiunguruma sawasawa, ndipo nachomeka mashine.

Mwezi wa nane mwaka jana, siku ya 19 ya kundi, upepo wetu huu wa Dodoma ukalaza nguzo. Saa nane usiku giza. Nikaliwasha gari mpaka likaandika READY, maana bila hapo soketi hazitoi kitu, nikapitisha waya dirishani na kuziba uwazi kwa kanga, la sivyo asubuhi ningekuta vumbi jekundu hadi kwenye viti. Binti yangu ndiye aliyeshika tochi. Transfoma ikaunguruma, nikachomeka, taa za mashine zikarudi. Binti akaweka sikio kwenye mlango wa mashine akaniambia, "Mama, yanalia humo ndani." Kweli, vifaranga walishaanza kulia ndani ya maganda. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikamshukuru Mungu.

Umeme ulirudi saa saba mchana. Kwa muda wote huo wa saa kumi na moja, betri iliyokuwa imejaa (ni ya yuniti 12) ikabaki chini ya nusu kidogo, na injini haikuwaka hata mara moja. Nilipata vifaranga 208.

Ukomo wake sasa. Ni wati 1,500 kwa soketi zote mbili kwa pamoja, na transfoma yangu ni 1,000, kwa hiyo jagi la umeme la wati 2,000 lisahau. Friji usithubutu kuichomeka kwenye volti 100 moja kwa moja, mota itagoma kuzunguka huku inachemka. Chaja za simu na laptop geuza usome kibandiko: ikiandikwa INPUT 100-240V, adapta peke yake inatosha, transfoma ya nini. Mimi routa na simu za nyumba nzima nachaji hivyo.

Betri ikishuka sana injini inajiwasha yenyewe kuzalisha umeme. Jambo zuri, ila moshi wake unaua kimyakimya. Usiliegeshe kwenye gereji iliyofungwa wala chini ya dirisha la chumba wanacholala watoto. Mimi naegesha upande ambao upepo unapeleka moshi barabarani, na waya nimenunua mrefu.

Kama mfuko unaruhusu, yapo magari kama Hyundai Ioniq 5 ya soko la Ulaya yanayotoa volti 230 hadi wati 3,600, hapo transfoma haihitajiki. Kwa kazi yangu hili nililonalo linatosha, na ningelinunua tena.

Usiku ule ule nguzo ilipolala, jirani alikuja ameshika waya wenye plagi ncha zote mbili. Akaomba tuchomeke kwenye gari na kwenye soketi ya ukutani kwake, nyumba nzima iwake. Nilimkatalia. Umeme ule ungetoka kwake ukarudi kwenye nyaya za mtaani, na kule nguzoni mafundi walishaanza kupanda. Nikampitishia ekstensheni juu ya ukuta, akachaji simu na kuwasha taa moja ya mezani.