Vioo vya kopi vya simu Mwanjelwa: ulizia TN au IPS

Kwenye meza za mafundi simu pale Mwanjelwa na Kabwe, jijini Mbeya, vioo vya aina mbili, TN na IPS, huuzwa kwa jina moja tu: kopi. Tachi zinafanana, flekisi, yaani utepe wa nyaya unaochomekwa ndani ya simu, zinafanana. Tofauti iko ndani, kwenye utando wa poliimidi, aina ya plastiki, uliopakwa kwenye bamba mbili za kioo zinazobana fuwele za kimiminika. Kiwandani utando huo husuguliwa kwa kitambaa cha mahameli kuelekea upande mmoja, na molekuli za fuwele zinazougusa hulala kufuata msuguo; za katikati hufuata jirani zake.

Kwenye TN, misuguo ya bamba hizo mbili imepishana kwa nyuzi 90, kwa hiyo molekuli hujisokota kutoka bamba moja hadi nyingine. Umeme huzisimamisha. Ndiyo maana ukiitazama simu kutoka upande mmoja, aghalabu chini, picha hugeuka na sehemu nyeusi hung'aa. Kwenye IPS misuguo iko sambamba na molekuli huzunguka zikiwa zimelala, hivyo rangi hazikimbii ukiinamisha simu. Kwa anayetazama video au picha, chukua IPS hata kama bei imepanda. TN inamtosha anayepiga na kutuma pesa tu.

Mwambie fundi achomeke flekisi kabla ya kupaka gundi. Fungua picha ya kijivu tupu, mwanga wa wastani. Ukiona michirizi hafifu, mingi, iliyonyooka upande mmoja na haihami picha ikibadilika, utando haukusuguliwa sawasawa. Hakuna dawa, rudisha. Mstari mmoja wa rangi kali ni tatizo jingine, la flekisi au njia za umeme. Kisha bonyeza taratibu kwa ncha ya kidole: TN hutoa mawimbi, IPS hutulia zaidi. Usitumie kucha, kwa sababu vinguzo vinavyoshikilia nafasi ya takriban mikroni 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kati ya bamba vinaweza kukwangua utando na kuacha doa la kudumu.

Nafasi hiyo ina uzito wake huku kwetu. Umeme ukiondoka, utando ndio unaozirudisha molekuli mahali pake, na nafasi ikiwa pana mara mbili, kurudi huchukua muda mara nne. Baridi ya Juni na Julai huongeza unata wa kimiminika, na hapo kopi mbovu huumbuka: asubuhi Uyole, maandishi huacha kivuli ukiyasogeza.

Fundi akipuliza hewa ya moto huku simu imewaka na kioo kikaingia giza, amevuka joto ambalo mpangilio wa molekuli huvunjika. Aache kipoe chenyewe. Utando utazipanga upya na picha itarudi. Polaraiza, ile karatasi ya kuchuja mwanga iliyobandikwa nje, hairudi ikishakunjamana, kwa hiyo apunguze joto na atenganishe gundi polepole kwa kadi ya plastiki.