Wiki 12 za kozi ya uajenti wa nyumba: 32,000 zangu zilikoenda

Nimekuwa broka wa nyumba Umoja na Kayole, Nairobi, miaka minane. Ofisi yangu ilikuwa simu mbili, daftari la nambari za makeateka na karatasi za "nyumba ziko" nilizobandika kwenye nguzo za stima. Mteja ananipa 500 ya kuonyeshwa nyumba, akihamia landilodi ananikatia changu, maisha yanasonga. Halafu siku moja, nikiwa kwenye matatu, nikaona bango la chuo: "Kuwa ajenti wa nyumba mwenye leseni kwa wiki 12." Nikalipa 32,000 kwa awamu mbili.

Chuo sikitaji jina. Kiko katikati ya jiji, orofa ya nne, na lifti ilifanya kazi siku tatu kwa hesabu yangu. Masomo Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni. Tulikuwa 23 mwanzoni, 14 mwishoni. Chai ipo, mandazi unanunua.

Nianze na kilichonichoma. Chuo hakitoi leseni. Hakuna chuo kinachotoa. Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, ya mwaka 1984, ndiyo inayosema nani aruhusiwe kufanya kazi hii, na anayesajili ni Bodi ya Usajili wa Maajenti wa Nyumba, ile inayoitwa EARB. Uwe umefika miaka 21, uwe mwanachama kamili wa ISK, chama cha wapima na wathamini wa ardhi Kenya, au uwe na masomo ambayo Bodi inayatambua, na mwenendo wako usiwe wa kutiliwa shaka. Ukishasajiliwa bado kuna cheti cha kufanyia kazi, nacho hulipiwa upya kila mwaka. Wiki 12 za jioni hazimo popote kwenye hesabu hiyo.

Haya yote niliyajua wiki ya tisa. Wiki ya tisa! Niliinua mkono nikauliza leseni zinakuja lini, tuanze kupanga. Darasa likatulia. Mkurugenzi akaitwa, akaja na tabasamu lake, akasema, "Mama, leseni ni safari." Nikamwambia nimelipa nauli ya kufika, si ya kuanza safari. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Pesa hazikurudi.

Sasa, mbona nawapa nyota tatu badala ya moja? Kwa sababu ya mwalimu wa masomo ya hati. Mzee mmoja mpole, mstaafu wa mambo ya usajili wa ardhi, anayebeba miwani mbili na kukosea ipi ni ya kusomea. Jioni ya kwanza aliingia na fotokopi za majibu ya upekuzi wa ardhi, yaani karatasi unayopewa na ofisi ya ardhi ukiulizia ploti ni ya nani, akafuta majina kwa wino mweusi, akagawa moja kwa kila meza. Akatuuliza: mtaanza kusoma wapi? Sote tukaanza juu.

"Ndiyo maana mnaibiwa," akasema.

Karatasi ile ina sehemu tatu. A inaeleza ardhi yenyewe, nambari na ukubwa. B inaeleza mwenyewe. C ni vizuizi: rehani ya benki, kosheni (onyo la mtu anayedai haki kwenye ardhi hiyo), amri ya korti. Mzee anataka uanze na C, tena mstari wa mwisho kabisa, kwa sababu shida mpya huandikwa chini ya shida ya zamani. Kwenye karatasi ya meza yetu sehemu B ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. C ilikuwa na kosheni ya mke.

Nilinyamaza kidogo pale. Mwaka mmoja nyuma nilimpeleka fundi mmoja wa magari Kamulu kuona ploti ya hamsini kwa mia. Hati niliiona kwa macho yangu, ina muhuri, jina ni la muuzaji, kitambulisho kinalingana. Alitoa dipoziti. Mke wa muuzaji akatokea na wakili. Dipoziti ilirudi vipande vipande kwa miezi saba, na kila kipande nilipigiwa simu mimi kwanza. Sikujua kwamba ardhi ya familia inahitaji ridhaa ya mke au mume, wala kwamba shamba la kilimo linahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi ya eneo. Nilidhani hati ikiwa mkononi, kazi imeisha.

Kuhusu pesa za wateja mzee alikuwa mkali zaidi. Ajenti aliyesajiliwa huweka pesa za wateja kwenye akaunti iliyotengwa kwa ajili ya pesa hizo tu, hazichanganyiki na za kodi ya ofisi au karo ya mtoto. Mimi kwa miaka minane dipoziti za watu zililala kwenye M-Pesa yangu pamoja na pesa za sukuma. Pia alitueleza kwamba chini ya sheria ya 2009 ya kuzuia utakatishaji wa fedha, maajenti wa nyumba wamo kwenye orodha ya wanaotakiwa kuripoti miamala ya kutilia shaka. Kijana mmoja wa Ruaka akauliza kama mteja akija na mfuko wa noti anaripotiwa akiwa bado amekaa. Tulicheka, lakini niliandika.

Mengine ya kozi ni ya kupita tu. Somo la mauzo lilikuwa video na makofi. Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021, tulifundishwa kwa picha za skrini zilizochapishwa nyeusi tii, hata kitufe cha kuingilia hakionekani. Kompyuta za chuo zilikuwa "zinatengenezwa" wiki zote 12. Ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani ya ardhi mjini na 2 mashambani, ulipewa dakika kumi, ilhali ndio unaowashtua wanunuzi siku ya mwisho.

Kama una shahada ya mambo ya nyumba na ardhi, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, usipoteze jioni zako hapa. Nenda ukaulize ISK na Bodi moja kwa moja. Kama wewe ni broka kama mimi, lipa awamu ya kwanza tu, uulize masomo ya hati yanaanza jioni gani, na ukae mbele, kwa sababu mzee hapazi sauti.

Mimi sasa nimeajiriwa na ajenti aliyesajiliwa, huku Thika Road. Cheti changu cha kuhudhuria kiko kwenye bahasha. Jumamosi iliyopita nilikuwa na mteja mbele ya geti Kahawa West, dada mmoja nesi, akaniuliza kabla hata hajaingia, "Una leseni?" Nikamwambia mimi sina, bosi wangu anayo, nikampa jina na nambari ya usajili. Akatoa simu akaanza kutafuta kwenye orodha ya Bodi, pale pale juani, huku keateka akijaribu ufunguo wa tatu.