Pampu ya upepo ya kuchaji, "punguzo asilimia 47": miezi mitano nayo barabarani

Saa nne usiku, nimeshazima taa, tangazo likapita kwenye simu. Pampu ya kujazia matairi upepo, ya kuchaji, haina haja ya waya wala kufungua boneti. Bei 160,000 imepigwa mstari mwekundu, chini yake 85,000, pembeni punguzo la asilimia 47, na juu kabisa saa inayohesabu kurudi nyuma. Zimebaki dakika 38. Mimi huwa nawacheka watu wanaonunua vitu kwa kukimbizwa na saa za namna hiyo. Nililipa zikiwa zimebaki dakika 31.

Kesho yake mchana boda akaniletea mzigo hadi Kimara, nikampa 5,000 yake ya usafiri. Jumla 90,000. Ishikeni hiyo namba, nitairudia.

Shida nilikuwa nayo kweli, si tamaa tupu. Naendesha IST ya zamani, na tairi la nyuma kushoto lina tabia ya kupungua upepo kidogo kidogo, wiki mbili tatu unakuta limekaa kinyonge. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Fundi pancha wa kona kwetu anafungua saa mbili. Kituo cha mafuta cha kwanza njiani kwangu mashine ya upepo ina karatasi ya "mbovu" ambayo sasa hata maandishi yamefifia kwa jua. Cha pili kina foleni ya daladala. Na hata ukimpata wa kukujazia, hakuulizi gari linataka presha ya ngapi. Thelathini na tano kwa IST, thelathini na tano kwa Noah, lete mia tano, mwingine.

Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa 20000mAh. Hapo ndipo nilipoanza kukunja uso, kwa sababu nina power bank ya 20000 na ukiishika unajua umeshika kitu. Hii pampu, pamoja na mota yake na bomba lake, ilikuwa nyepesi kama hiyo power bank yenyewe. Nikaigeuza. Kitakoni, kwa maandishi ya kusomea miwani: 7.4V, 2000mAh. Ukizidisha unapata kama Wati-saa 15. Simu yangu ina betri ya 5000mAh kwenye volti 3.85, yaani kama 19. Kwa hiyo betri inayotakiwa kujaza matairi manne ya gari ni ndogo kuliko ya simu niliyoinunulia. Sifuri moja imeongezwa kwenye boksi, basi. Wanunuzi, msisome boksi, someni kitako.

Lakini sasa, cha ajabu, inatosha. Kwa sababu kazi ya kila wiki siyo kujaza tairi tupu, ni kuongezea. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa gari langu kimeandikwa Kijapani kitupu, ila tarakimu hazina kabila: presha ya 220 kPa, ambayo kwa psi, kipimo cha geji zetu, ni kama 32. Nikikuta matairi yako 26 au 27, kila moja linachukua dakika moja na ushee, na baada ya manne mshale wa chaji umeshuka robo tu. Unafunga kichwa cha bomba kwenye valvu kwa kuzungusha, unaweka namba unayotaka, unabonyeza, inajizima yenyewe ikifika. Mwanangu wa darasa la nne anaijua yote. Fanyeni asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likishapata moto linasoma juu na mtajidanganya kwamba liko sawa.

Kelele ni jambo lingine. Inaunguruma kama mashine ya kunyolea iliyopandwa na jini. Alfajiri ya kwanza mama wa nyumba ya pili alifungua dirisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Naimu, kuna usalama huko?" Sasa naiweka juu ya kandambili moja kuukuu, isigonge sakafu. Imesaidia kiasi.

Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa je, hiyo 32 inayoonyesha ni 32 kweli? Nikaenda kwa yule mzee fundi pancha, siku ya Jumamosi, gari limepoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pancha?"

Nikamwambia hapana, naomba anipimie tu. Akatoa geji yake ya chuma, ile ya kijiti kinachochomoza, imeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Pampu yangu ilikuwa imesema 33. Kijiti chake kikasimama 30. Akarudia. Thelathini. Akaitazama pampu yangu juu chini, akaigonga kwa ukucha.

"Hii yako inajisifu," akasema.

Sikuridhika, wiki hiyohiyo nikapitia wanapofanya alaimenti nikaomba geji ya tatu. Ikasema 30 na nusu. Mzee ameshinda. Sehemu ya tofauti nimeielewa baadaye: ikiwa inasukuma, upepo uliomo ndani ya bomba una presha kubwa kuliko wa tairi lenyewe, kwa hiyo inajizima mapema. Ukiiacha sekunde chache baada ya kuzima, namba inashuka moja. Halafu wakati wa kufungua kichwa, kwa kuwa ni cha kuzungusha siyo cha kubana, kinapiga "fiiiii" na kuondoka na kidogo. Siku hizi naweka 35 ili nipate 32, na nimepima mara tano tofauti ni ileile. Geji inayokosea sawasawa kila siku nitaishi nayo. Ile ya kubahatisha ndiyo ningeirudisha.

Sasa tairi la spea. Naomba kila anayesoma hapa akafungue buti leo. La kwangu ni lile jembamba la dharura, na ubavuni limeandikwa 420 kPa, yaani psi 60. Sikuwahi kulisoma tangu ninunue gari. Nilipopima likakutwa na 19. Kwa maneno mengine nilikuwa natembea na mzigo wa chuma na mpira nikiuita spea. Nikaifunga pampu pale. Mpaka 40 ilikwenda vizuri. Hapo 45 sauti ikabadilika, ikawa inakoroma. Hapo 50 nikashika kile kichwa cha shaba nione kama kimekaza, na kikaniunguza kidole gumba mpaka leo kuna alama. Upepo ukibanwa unapata moto, na huo moto wote unapitia pale. Nikaizima, nikaiacha ipumzike dakika kumi kama karatasi yake inavyosema, nikamalizia. Ilifika 60, chaji ikiwa imebaki kidole kimoja. Kwenye boksi wameandika inafika 150. Inaweza kufika, sikatai, kwa baiskeli yenye tairi jembamba. Kwa gari, hiyo namba ni ya mapambo.

Kilichofanya niache kuinung'unikia ni safari ya Iringa. Tulikuwa na shemeji yangu na watoto wawili, tumeshapita Melela, tunaingia Doma, nikahisi usukani unavuta. Tukasimama. Lile tairi la nyuma kushoto, safari hii lilikuwa limelala waziwazi. Kwa wasioijua ile njia: ukitoka Doma mbele yako ni hifadhi ya Mikumi, barabara kuu inakatiza ndani yake kama kilomita 50, matuta kila mahali, tembo na nyati wanavuka wanavyojisikia, na mabao yanakutajia faini ya mnyama mmojammoja ukimgonga. Si mahali pa kupiga jeki. Shemeji akasema tufunge spea hapohapo. Mimi nikamwambia shemeji subiri, tuone kwanza linatoka kwa kasi gani.

Pampu ikasoma 19. Nikaweka 38 makusudi. Dakika nne hivi, watoto wa pale wamesimama wanatazama, mmoja anaigiza mlio wake kwa mdomo vizuri kuliko pampu yenyewe. Tukanunua ndizi, tukakaa robo saa, tukapima tena: imepungua moja. Tukaondoka. Twiga tuliwaona, tukawapiga picha kupitia kioo kama watalii, na tulipoibukia Mikumi mjini pampu ikasoma 31. Fundi wa pale akatoa msumari wa bati, mfupi, umelala kwenye mfereji wa tairi kama umewekwa. Elfu tano, tukaendelea na mlima wetu wa Kitonga.

Ningekuwa na pampu ya mguu ningefanya hivyohivyo kwa jasho. Ningekuwa na ile ya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti cha sigara ingefanya vizuri zaidi pengine, kwa sababu haiishiwi chaji na bei yake ni nusu. Kasoro yake ni waya, na kwamba haikusaidii na pikipiki ya jirani wala mkokoteni wa muuza maji. Hii ya kuchaji imeshafanya kazi zote hizo, na mpira wa watoto juu yake.

Kasoro ya mwisho ya ufundi, na hii imeniudhi kuliko bei: tundu la chaji ni Type-C, lakini ukitumia waya wenye Type-C pande zote mbili, kwenye chaja ya simu za kisasa, haichaji kabisa. Kimya. Nilidhani imekufa siku ya tatu. Inataka ule waya wake wa boksini, kichwa cha USB ya zamani upande wa pili. Ukiupoteza, uwe na mwingine wa aina hiyo. Kuijaza ni saa tatu.

Na ile 90,000? Mwezi uliopita nilikuwa Kariakoo, upande wa Gerezani, natafuta mipira ya wipa. Nikaiona dukani, ileile, kitako kilekile, jina tu la boksi ni lingine. Nikauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka. "Sabini na nane dada, ukiwa serious tunaongea." Tukaongea bila mimi kuwa na nia ya kununua, akafika sabini. Yaani punguzo langu la asilimia 47 limenigharimu elfu ishirini zaidi ya asiye na punguzo lolote. Ile 160,000 haijawahi kuwa bei ya mtu yeyote.

Kwa sabini ningemwambia mtu nunua, ila upime na geji ya fundi siku hiyohiyo. Kwa tisini, zunguka kwanza. Duka lililoniuzia sina ugomvi nalo mkubwa, simu wanapokea na lugha yao nzuri. Kwenye boksi ilitakiwa kuwemo sindano ya kujazia mpira, haikuwemo. Nikawapigia, wakasema dada samahani sana, tunakuletea kesho. Watoto wa mtaani kwetu wamekuwa wakitumia ya kuazima kwa kocha wao, na mimi kila mwisho wa mwezi nawapigia tena, kwa sasa zaidi ili nisikie watasema nini. Mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Boda yuko njiani.