Dúvugarðar, Saksun: anza na paa

Ukifika Dúvugarðar, kijijini Saksun kwenye kisiwa cha Streymoy, usikimbilie ndani. Hii ni nyumba ya shamba ya zamani ya Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, iliyofanywa makumbusho, na kwangu mimi paa lake la nyasi mbichi zinazoota juu ya udongo lina mafunzo zaidi kuliko chombo chochote kilichowekwa ndani. Juu ya mbao hutandazwa magome ya betula, mti wa nchi za baridi, yakipandana kama magamba ya samaki. Hayo ndiyo yanayozuia maji. Udongo wenye nyasi hulazwa juu yake uyagandamize yasipeperuke, na utunze joto. Gome likioza, paa huvuja hata nyasi zistawi vipi. Visiwa havina misitu ya asili, kwa hiyo mbao na magome vililetwa kwa meli, hasa kutoka Norwei.

Ndani, kaa sana kwenye roykstova, chumba cha moshi. Moto uliwaka katikati, moshi ukatokea tundu la paani, na mwanga wa mchana ukaingilia hapohapo. Walichoma udongo mweusi wa mimea iliyooza, uliokatwa kama matofali na kukaushwa. Hapo walipika, wakachambua sufu, wakasokota na kufuma jioni ndefu za majira ya baridi. Ukiona leypur, kreti la kubebea mgongoni, tazama mkanda wake: hupita kichwani, mikono ikabaki huru, na wanawake wakafuma huku wanatembea.

Kibanda chenye kuta za fito zilizoachiana nafasi ni hjallur. Upepo wa chumvi hupenya na kukausha nyama ya kondoo bila kutiwa chumvi, miezi kadhaa. Fito zikibanana mno nyama huoza. Zikiachana mno, mvua huingia.

Makumbusho hufunguliwa majira ya kiangazi tu, hivyo hakikisha siku na saa kabla ya safari. Kutoka kijiji cha Hvalvík barabara ni nyembamba, ya gari moja. Mkikutana, mmoja husubiri penye upana, na pale si mahali pa kuegesha. Milango ni mifupi, inama. Shamba bado lina kondoo, basi fuata njia na vibao, funga kila geti.

Kanisa la jirani lilijengwa hapo mwaka 1858, na mbao zake zilitoka kanisa la kijiji cha Tjørnuvík. Ukitaka kushuka ufukweni, tazama kwanza ratiba ya maji: nenda yakipwa, urudi kabla hayajajaa.