TAHADHARI: ombi la "mtoto wa upasuaji" linalozunguka ni utapeli

Ndugu zangu, kama imekufikia ile picha ya mtoto kalazwa, mrija puani, na chini yake pameandikwa "Daktari katupa mpaka saa kumi na mbili jioni, umebaki wewe tu", usitume hela na usiisambaze. Picha hiyo nimeiona ikija na majina mawili. Kwanza mtoto anaumwa moyo, baadaye ana jina jingine na tatizo limekuwa figo. Shuka ni ile ile, plasta ya mkononi ni ile ile. Namba ya kupokelea mchango ndiyo mpya.

Nilimwandikia anayekusanya, nikamuuliza mgonjwa yuko wodi gani. Akajibu: "Mtoto anakata roho, wewe unauliza wodi?"

Jibu hilo litazameni vizuri, maana utapeli wote umo humo. Mwenye mgonjwa wa kweli atakutajia wodi, kitanda na daktari kabla hujamaliza kuuliza, tena atafurahi kuwa umeuliza. Huyu kaligeuza swali likawa ukatili, ili uone aibu, na ukishaona aibu utume ili kujisafisha.

Msiseme wanaoliwa ni wajinga. Mwaka 2007 watafiti Small, Loewenstein na Slovic walichapisha jaribio ambalo watu waliweza kuchangia hadi dola 5. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali, Rokia, walitoa wastani wa zaidi ya dola 2. Waliosoma takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa karibu nusu ya hapo. Na walioonyeshwa Rokia pamoja na takwimu walitoa pungufu kuliko walioonyeshwa Rokia peke yake! Moyo wa binadamu humshika mtu mmoja mwenye sura na jina. Hesabu ikiingia, unapoa. Ndiyo maana tapeli hakuletei orodha ya wagonjwa wala bei ya dawa. Anakuletea jicho moja linalokutazama.

La pili ni namna anavyolisema. Mwaka 1981 wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliwauliza watu kuhusu ugonjwa wa kubuni unaotarajiwa kuua watu 600, wachague kati ya mpango wa uhakika na mpango wa kubahatisha. Mpango wa uhakika ulipoelezwa kwamba "200 wataokolewa", asilimia 72 waliuchagua. Wengine wakaambiwa kwamba kwa mpango huo huo "400 watakufa", wakauchagua asilimia 22 tu. Hesabu haijabadilika hata kidogo. Na msidhani elimu ni kinga: utafiti wa 1982 ulionyesha kuwa hata madaktari waliuona upasuaji kuwa chaguo baya zaidi ulipoelezwa kwa idadi ya wanaokufa badala ya wanaopona.

Sasa rudini kwenye meseji. Hakuna mahali panaposema "mchango wako utamsaidia". Panasema "asipofika jioni ni kwa sababu tulinyamaza". Umeshapewa kifo mkononi kabla hujajua mgonjwa yupo au hayupo.

Mimi ninachofanya ni kuiandika upya meseji kwa maneno makavu, bila mtoto wala machozi: "Mtu nisiyemjua anataka nimtumie hela leo kwenye namba ya mtu binafsi, na hataki kutaja hospitali." Kama bado inakushawishi ikiwa hivyo, haya, endelea kuchunguza. Piga simu hospitali kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Omba kulipia moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali. Mwenye shida ya kweli atashukuru, tapeli atakuja na hadithi kwamba akaunti ina matatizo. Picha nayo itafute kwenye intaneti uone imewahi kutumika wapi.

Halafu kuna ninyi wa "nimetuma kama nilivyopokea". Nawaambia bila kuficha, ninyi ndio mnaompa tapeli nguvu. Meseji ikitoka kwa mgeni, mtu husita. Ikitoka kwa shangazi, imeshapata udhamini wa shangazi, na hakuna anayetaka kuonekana anamhoji shangazi mbele ya ukoo mzima. Kama hujathibitisha, nyamaza nayo.

Aliyekwisha kutuma asifute chochote. Hifadhi meseji, namba na risiti ya muamala, toa taarifa haraka kwa kampuni uliyotumia kutuma hela, kisha polisi. Na ukae macho: wanaotapeliwa mara nyingi hutafutwa tena na mtu mpole sana, mwenye pole nyingi, anayedai kuwa anaweza kuzirudisha hela zako ukimlipa "ada ndogo" kwanza. Huyo naye ni tapeli, na pengine ni yule yule.