Spika za kuelekeza sauti: ipi ununue ili sauti ibaki pale inapotakiwa

Unataka sauti isikike kwenye benchi moja la kungojea, mbele ya kitu kimoja cha maonyesho, au kwenye kiti cha mtu mmoja anayesikiliza habari wakati wenzake wamelala. Ukianza kutafuta, utakutana upesi na wauzaji wanaosema spika yao hurusha sauti kama kurunzi irushavyo mwanga. Kwa sauti nyembamba maneno hayo yana ukweli. Kwa sauti nzito hayana, na ni vizuri ujue mpaka uko wapi kabla hujatoa pesa.

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ambazo ni uzito wa chini wa sauti ya mwanamume, lina urefu wa karibu mita tatu na nusu. La hezi 1,000 lina sentimita 34, na la hezi 10,000 lina sentimita 3.4 tu. Spika ya kawaida huanza kulielekeza wimbi pale upana wake unapokaribia urefu wa wimbi hilo. Spika yenye uso wa sentimita 30 itazibana vizuri s na f za msemaji, lakini besi itazunguka boksi na kwenda kila upande, hata nyuma. Ndiyo maana ukisimama pembeni ya spika hizi husikii maneno ila unasikia mngurumo, na mngurumo huo ndio unaomchosha mfanyakazi anayekaa hapo kutwa nzima.

Jambo la pili la kuangalia ni kelele iliyopo tayari mahali penyewe. Ili maneno yaeleweke bila kukaza masikio, yanapaswa kuizidi kelele hiyo kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 hadi 15. Ili jirani asisumbuke, sauti inayomfikia yeye iwe chini ya kelele hiyo hiyo. Unachotafuta basi ni tofauti ya desibeli 15 hadi 20 kati ya aliye ndani na aliye nje. Sasa soma karatasi ya vipimo: pembe inayotajwa, tuseme digrii 30, kwa kawaida huishia pale sauti ilipopungua kwa desibeli 6. Kwenye desibeli 6 mtu wa pembeni bado anasikia kila neno. Tena pembe hiyo mara nyingi ni ya masafa ya juu, yaani sauti nyembamba zenye hezi nyingi, ambako kila spika huonekana hodari. Omba mchoro wa mtawanyiko wa sauti kwa hezi 500 na hezi 250, na muuzaji asipokuwa nao, mtilie shaka.

Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia chaguo ambalo ningelijaribu kwanza.

1. Spika ndogo ya kawaida, iliyosogezwa karibu. Hili watu hulidharau kwa sababu halina jina la kuvutia, na ndilo linalotatua shida nyingi. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti kutoka spika ndogo hupungua kwa desibeli 6. Spika ikiwa nusu mita kutoka sikioni, mtu aliye mita nne atapata sauti iliyopungua kwa desibeli 18, yaani ile tofauti tuliyokuwa tunaitafuta, bila kununua kifaa chochote cha ajabu. Chumba chenye mwangwi kitakupunguzia faida hiyo, lakini hakitaimaliza. Ifunge kwenye egemeo la kichwa, chini ya rafu iliyo mbele ya msikilizaji, au iteremshe kutoka dari kwa waya hadi juu kidogo ya vichwa. Kisha, kwa matangazo na maelezo ya kusemwa, kata kila kitu kilicho chini ya hezi 150 au 200 kwenye ikwaliza, yaani kirekebishi cha kupunguza au kuongeza sauti nzito na nyembamba. Maneno hayatapotea, na mngurumo utaondoka.

2. Spika ya nguzo. Ni spika ndogo nyingi zilizopangwa wima kwenye boksi moja jembamba. Hubana sauti juu na chini, lakini huitawanya kushoto na kulia, kwa hiyo inafaa safu za viti na ukumbi wenye dari refu linalopiga mwangwi. Ukiwa karibu nayo, sauti hupungua kwa desibeli 3 tu kila umbali unapozidishwa mara mbili, hivyo wa mbele hapigwi kelele ili wa nyuma asikie. Urefu ndio kila kitu hapa: nguzo ya mita moja huanza kubana kwenye hezi 340 hivi, ya mita mbili kwenye hezi 170. Uliza pia umbali kati ya spika moja na nyingine ndani ya boksi. Zikiachana kwa sentimita 10, kuelekea hezi 3,400 na kupanda juu mwale huanza kutoa matawi yanayokwenda kusikotakiwa. Aina za kidijitali, ambazo kila spika ndani yake ina amplifaya yake na ucheleweshaji wake, zinaweza kuinamisha mwale bila kuinamisha boksi. Na kama tatizo lako ni jirani wa kushoto na kulia, jaribu kuilaza nguzo hiyo juu ya kaunta. Upande unaobana hugeuka pamoja nayo.

3. Paneli bapa. Ni uso mpana na mwembamba unaotetemeka wote kwa pamoja, au spika ndogo nyingi zilizojazwa kwenye ubao mmoja. Paneli ya sentimita 60 kwa 60 iliyoning'inizwa juu ya kichwa hubana kuanzia karibu hezi 600. Sauti yake kwa maneno ni safi, na mtu akisogea hatua moja au mbili pembeni anasikia tofauti ya wazi. Besi yake ni haba na haiwezi kupigwa kwa nguvu sana, lakini kwa chumba cha maonyesho hizo si kasoro. Kama fedha zinaruhusu na njia ya kwanza haiwezekani, hii ndiyo ningeinunua.

4. Kuba. Bakuli kubwa la plastiki angavu linalotundikwa darini, na spika ndani yake ikitazama juu ili sauti igonge bakuli na kushuka. Linafanya kazi, ila lina masharti. Msikilizaji lazima asimame katikati hasa, wima. Mtoto na mtu mrefu hawapati sauti ileile. Bakuli hilo hilo hukusanya pia kelele za chumba na kumwagia anayesikiliza. Chini ya hezi 500 kuba la ukubwa wa kawaida halibani kitu. Nalipenda kwa sababu moja: watu huliona, hujua pa kusimama, na hawahitaji kibao cha kuwaelekeza.

5. Spika za ultrasaundi. Kwa wembamba wa mwale hakuna kinachozishinda, na bado nimeziweka hapa chini. Hazitoi sauti ya kusikika moja kwa moja. Hutoa mawimbi ya ultrasaundi, yaani sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la mtu, mara nyingi kuanzia kilohezi 40 au zaidi, yenye urefu wa milimita nane hivi, na hewa yenyewe huyageuza yawe sauti njiani. Nadharia yake iliandikwa na Peter Westervelt mwaka 1963, miaka 20 baadaye watafiti wa Japani wakaonyesha kuwa inawezekana kwa muziki na maneno, na baadaye Joseph Pompei na Woody Norris wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, wakazifikisha sokoni. Sauti yake humfikia mtu kana kwamba inasemwa kichwani mwake.

Lakini hewa hugeuza sauti nzito kwa unyonge mkubwa: masafa yakishuka kwa nusu, nguvu hupungua kwa desibeli 12 hivi. Muziki hukonda, na ukiongeza sauti huanza kukwaruza. Mwale ukigonga kioo au sakafu ya marumaru huruka mzima mzima, na mtu wa upande wa pili husikia sauti ikitoka ukutani. Wengine, hasa vijana, hulalamika kuhisi mgandamizo masikioni. Mbwa husikia hadi karibu kilohezi 45 na paka hata zaidi, kwa hiyo usiziweke nyumbani mwenye wanyama. Zinunue ukihitaji maneno tu, mtu mmoja, mahali pa kimya, na sakafu yenye zulia.

Honi, yaani spika zenye mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta, zinastahili kumbi kubwa na nje. Tahadhari ni moja: honi ndogo haishiki pembe yake. Kwa digrii 60, mdomo wa nusu mita huanza kubana kwenye hezi 850 hivi, chini ya hapo hutawanya. Kwa sebule, tazama spika za kadioidi, ambazo hufuta sauti inayokwenda nyuma yake. Zitamsaidia aliye nyuma ya ukuta, si anayekaa pembeni yako.

Chochote utakachochagua, tenga sehemu ya bajeti kwa zulia chini ya msikilizaji na vibao vya kunyonya sauti kwenye ukuta unaotazamana na spika. Mwale unaoshuka kwenye vigae vitupu hupanda tena na kusambaa chumba kizima.

Na usinunue kabla ya kujaribu mahali penyewe. Chukua rekodi ya mwanamume anayesoma, si muziki, na uipige hadi maneno yaeleweke vizuri pale katikati. Mtu mwingine atoke polepole pembeni na kubandika utepe sakafuni pale anapoacha kuelewa maneno, kisha utepe wa pili pale anapoacha kusikia chochote. Rudieni kwa pande zote nne, wakati wa shughuli na wakati wa utulivu. Jirani anayekaa ndani ya utepe wa pili atakuwa anasikia kila siku, kwa hiyo mwite asikilize mwenyewe kabla hujalipa.