Tarumbeta lilinipa raha, fundi mitambo akanitia hasira

Natoa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za mpigaji tarumbeta. Hoteli yenyewe, iliyoko upande wa Shangani, Zanzibar, isijihesabie hata nusu ya moja. Onyesho lilifanyika juu ya paa, muda si mrefu baada ya Idi. Walikuwa wametangaza kwamba mgeni angepiga tarumbeta pamoja na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani), udi na fidla za hapa nyumbani, na mimi niliyekulia katika taarab nilikwenda kwa shaka, kwani tarumbeta kwetu ni chombo cha beni, ngoma ya matarumbeta ya kumsindikizia bwana harusi barabarani, si cha kukaa kitako na kanuni.

Shaka hiyo haikudumu. Tarumbeta la kawaida lina vitufe vitatu tu: cha kwanza hushusha sauti nzima, cha pili hushusha nusu, cha tatu hushusha moja na nusu, na kazi yote iliyobaki ni ya midomo na pumzi. Hakuna katika vitufe hivyo panapotoka ile robo ya sauti ambayo Bayati, mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, bila yake si Bayati. Ibrahim Maalouf, mpigaji maarufu wa Ufaransa mzaliwa wa Lebanon, hutumia tarumbeta la vitufe vinne lililobuniwa na baba yake, Nassim, kwa ajili ya robo hiyo. Mgeni wetu alikuwa na vitatu. Nilikaa karibu kiasi cha kukiona kidole chake cha mkono wa kushoto kikiusukuma nje mrija mdogo wa kitufe cha tatu huku midomo ikilegea kidogo sana, na sauti ikatua pale pale ilipotua fidla. Mpiga kanuni alicheka peke yake bila kuacha kupiga.

Kisha akaishika sauti moja, nyembamba, akakataa kuiachia. Mashavu yalijaa kidogo, pua ikavuta hewa mara moja kwa haraka, na ile iliyohifadhiwa mashavuni ikaendelea kuisukuma sauti bila kutetereka, mpaka wahudumu wakasimama na trei zao mikononi. Ni hapo hasa, si kabla wala baada, ndipo fundi mitambo alipoamua kutia eko, ule mwangwi wa mashine.

Naomba nieleweke kwa nini nilikasirika. Eko hujaza mapengo, na ustadi wa mtu yule ulikuwa katika kutokuwa na pengo. Ukishatia eko, hata aliyeanza kujifunza jana ataonekana hapumui. Alipoingia katika tofauti za Arban, yaani namna mbalimbali alivyoupamba wimbo wa Kanivali ya Venice, ulimi ukigonga tu-tu-ku, tu-tu-ku kwa kasi ambayo masikio yanasadiki kuwa wanapiga watu wawili, mmoja wimbo na mwingine mapambo, sisi tulisikia watu wanne waliogombana. Jean-Baptiste Arban alichapisha kitabu chake cha mafunzo mwaka 1864 na wanafunzi wanakitumia hadi leo ili kila pigo la ulimi lisikike peke yake. Kijana mmoja mwenye kidole kizito aliyafuta yote hayo kwa kitufe kimoja.

Nilimwendea kwa adabu. “Mwanangu, nakuomba uitoe hiyo eko, tumsikie mwenyewe.” Hakunitazama. “Bi mkubwa, rudi ukakae. Hii si redio ya nyumbani kwako.” Msimamizi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, akasikia, akatabasamu.

Mgeni naye nadhani alichoka, kwa sababu katika kipande kilichofuata alikiacha kipaza sauti na kwenda kusimama kando ya udi, akageuzia mdomo wa tarumbeta ukutani. Chombo hiki kinasikika mtaa wa pili bila msaada wa mtu, sembuse juu ya paa. Kwa dakika chache tulipata kila kitu: pumzi, ulimi, ile robo. Fundi akachomoa kipaza sauti kwenye stendi yake, akamfuata nacho kama mwandishi wa habari anayemkimbilia waziri, na spika zikapiga mluzi uliowafanya watoto wazibe masikio.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msiende kabisa. Sasa nikiikumbuka ile Bayati naona nyota mbili ni dhuluma, iwe tatu. Nikimkumbuka msimamizi anavyotabasamu, inarudi kuwa moja. Ziandikwe mbili. Tiketi ilikuwa ghali na sidai kurudishiwa hata senti. Mpigaji huyo akialikwa tena nitakwenda, ila nitapiga simu kwanza kuuliza nani anakaa kwenye mitambo, na wakinitajia yule yule nitasikilizia chini, barabarani, ambako eko yake haifiki.